Kabla ya kofia nyeupe: wanawake wa Kimennonite na kalamu za watu wengine

Tarehe 15 Januari 1549, katika mji wa Leeuwarden huko Friesland, maofisa wa serikali waliingia ndani ya nyumba moja wakakuta Agano Jipya la Kilatini. Mwenye kitabu alikuwa Lijsbet Dirks, mwanamke aliyelelewa utawani. Maneno ya maofisa wale yamehifadhiwa: tumempata mwenyewe, tumempata mwalimu. Papo hapo wakamuuliza mume wake yuko wapi, wakimaanisha Menno Simons, kasisi wa zamani aliyeacha parokia yake ya Witmarsum mwaka 1536 na ambaye jina la Wamennonite limetokana naye. Lijsbet hakuwa mke wa Menno wala wa mtu yeyote. Ila kwa akili ya wale maofisa, mwanamke anayesoma Kilatini na kufundisha wenzake lazima kuna mwanamume nyuma yake.

Mahojiano yake yanaonyesha vizuri jinsi kazi ya kuhoji wazushi ilivyofanywa. Kwanza alitakiwa aape kwamba hana mume. Akakataa kiapo, akasema ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, kisha akajibu kwamba hana. Baada ya hapo yakaja majina: rafiki zako ni nani, umewafundisha nani, nani alikuwepo ulipobatizwa. Hapo hakutoa hata moja. Aliwaambia waachane na hilo wamuulize kuhusu imani yake, atawajibu kwa furaha. Ndipo wakageukia misa, jengo la kanisa, ubatizo wa watoto na uwezo wa makasisi kusamehe dhambi. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Majina yalihitajika ili kukamata wengine. Mafundisho yalihitajika ili kumhukumu aliyekwisha kukamatwa. Alipoulizwa kama ubatizo unaokoa, alijibu kwamba hata maji yote ya bahari hayawezi kumwokoa.

Siku nyingine aliitwa mtesaji. Skrubu za chuma zilikazwa kwenye vidole gumba na vya shahada hadi damu ikachuruzika kwenye kucha, kisha zikahamishiwa kwenye mifupa ya miguu. Akazimia. Mmoja akasema amekufa. Alipozinduka akawaambia hajafa. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo alitiwa ndani ya gunia akatoswa majini.

Nimeanza na Lijsbet kwa sababu ukitaja mwanamke wa Kimennonite leo, watu wengi wanaona kofia nyeupe, gauni refu lisilo na maua, mikono iliyokunjwa mapajani na mdomo uliofungwa. Picha hiyo ina umri. Ni changa kuliko Lijsbet kwa karne nyingi, na historia ya jinsi ilivyotengenezwa ndiyo inayonishughulisha hapa.

Anayesoma hati za enzi ile lazima ajue zimetoka mkononi mwa nani. Hati ya mahakama iliandikwa na karani, kwa lugha ya karani; mshtakiwa anatajwa kwa mbali na jibu lake refu linabanwa kuwa mstari mmoja. Barua ya gerezani iliandikwa na mfungwa aliyejua kwamba itanakiliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya waumini, kwa hiyo mashaka yanapunguzwa na aya za Biblia zinaongezwa. Ziweke hizo mbili pamoja, kisha tafuta ya tatu: vitabu vya hesabu vya mji, ambamo hulipwa mnyongaji, kuni na kamba. Mtunza hesabu hana imani ya kutetea, anataka tu fedha zake zilingane mwisho wa mwaka. Mara nyingi ndiye shahidi mwaminifu kuliko wote.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni majina. Maeyken, Janneken, Anneken, Lijsken: haya ni majina ya Maria, Johanna, Anna na Elisabeth yaliyofupishwa kwa mapenzi, na yamejaa kila mahali. Jina la pili laweza kuwa la baba, la mji alikotoka, au la mume. Mwanamke mmoja huonekana kwenye hati tatu kama watu watatu. Wawili hugeuzwa mmoja. La pili ni tarehe. Antwerp na sehemu kubwa ya Brabant zilihesabu mwaka mpya kuanzia Pasaka mpaka miaka ya 1570, hivyo Februari 1573 ya karani ni Februari 1574 kwetu. Asiyejua hilo humkuta marehemu akiandika barua miezi kadhaa baada ya kuchomwa.

Harakati yenyewe, ya Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili, ambamo Wamennonite walitokea, ilizaliwa Zürich tarehe 21 Januari 1525, wakati kikundi kidogo kilipobatizana wakiwa watu wazima, kwa hoja kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamua mwenyewe. Hoja hiyo ilikuwa na matokeo ambayo huenda hata walioitoa hawakuyapima. Ikiwa kila mtu lazima aamue mwenyewe, basi mke naye anaamua mwenyewe, hata kama mumewe hataki. Na kwa kuwa mikutano ilifanyika jikoni, ghalani na msituni, mwenye nyumba alikuwa mtu muhimu kuliko mwenye mimbari. Mwanamke aliyekwenda sokoni na kikapu alibeba habari bila kutiliwa shaka. Helena von Freyberg, mwanamke wa ukoo wa kibwana huko Tirol, aliifanya ngome yake ya Münichau kuwa maficho ya waumini. Claudine le Vettre, aliyeuawa Ypres mwaka 1568, aliijua Biblia kiasi kwamba mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mhubiri, alipokwama kutafuta aya alimwuliza yeye.

Tarehe 5 Januari 1527, Felix Manz alipokuwa akipelekwa kutoswa katika mto Limmat, mama yake na ndugu yake walisimama ukingoni wakimpazia sauti asirudi nyuma. Mama huyo anatajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi.

Sheria haikuwasahau wanawake. Amri ya Speyer ya mwaka 1529 ilitaja waziwazi kwamba kila aliyebatizwa tena, mwanamume au mwanamke mwenye akili timamu, auawe. Amri ya Kaisari Karl wa Tano kwa Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), Juni 1535, iligawa hata namna ya kufa: wakaidi wachomwe moto, wanaotubu, wanaume kwa upanga na wanawake wazikwe wangali hai. Naam, hicho ndicho kilichoitwa huruma. Wa mwisho kuuawa katika nchi hizo kwa imani hii alikuwa mtumishi wa ndani, Anneken van den Hove, aliyezikwa hai nje ya Brussels mwezi Julai 1597.

Huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, watawala walikabiliwa na tatizo la aina nyingine. Mama akifungwa gerezani, watoto watalishwa na nani? Serikali ikapata ufumbuzi wake: mwanamke afungwe mnyororo ndani ya nyumba yake, mrefu kiasi cha kumwezesha kupika na kuangalia watoto, lakini asifike mlangoni. Margarethe Hellwart wa Beutelsbach alifungwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 17, akawa anauvua mnyororo na kutoka, akirudishwa anauvua tena. Kwa maoni yangu hakuna hati inayoeleza vizuri kuliko hii jinsi watawala walivyomwona mwanamke huyu: mhalifu wa kutisha, lakini chakula cha jioni kiive.

Mwaka 1660 Thieleman van Braght, mzee wa kanisa wa Dordrecht, alitoa kitabu kikubwa cha mashahidi. Toleo la 1685 lilipambwa kwa michoro 104 ya Jan Luyken. Kati ya mashahidi wa karne ya 16 waliomo, karibu theluthi moja ni wanawake. Bila kitabu hicho tusingekuwa na sehemu kubwa ya sauti zao, na ni haki kumshukuru mkusanyaji kabla ya kumlaumu.

Tazama tarehe 6 Oktoba 1573 huko Antwerp. Siku hiyo walichomwa Maeyken Wens, mke wa mwashi aliyekuwa pia mhubiri, na Janneken Munstdorp, kijana aliyejifungua gerezani. Ili wasihubiri njiani, ndimi zao zilibanwa kwa skrubu. Adriaen, mtoto wa kwanza wa Maeyken, wa miaka 15, alikwenda na mdogo wake wa miaka mitatu, akasimama juu ya benchi apate kuona, kisha akazimia. Alipozinduka umati ulikuwa umetawanyika. Akapekua majivu hadi akaipata skrubu iliyombana mama yake. Luyken alichora tukio hilo: wavulana wawili na majivu, mama hayupo tena. Ni mchoro mzuri sana, lakini angalia unachofanya. Maeyken aliuawa kwa sababu ya mdomo wake, na kumbukumbu yetu imebaki na chuma kilichoufunga.

Janneken yeye aliacha barua kwa binti yake mchanga, aliyeitwa kwa jina lake. Mume wake alikuwa amechomwa mwezi uliotangulia. Anamweleza mtoto kwamba alimbeba tumboni gerezani, na kwamba asije akaona haya kwa ajili ya wazazi wake. Wosia za aina hii ziko kadhaa, ukiwemo wa Soetken van den Houte wa Ghent kwa watoto wake watatu mwaka 1560, na kati ya mashauri yanayojirudia ni moja la vitendo kabisa: jifunze kusoma na kuandika. Wanawake hawa walijua kwamba mtoto anayekwenda kulelewa na watu wengine hatapata imani ya mama isipokuwa kwa karatasi.

Sasa lawama. Van Braght alikuwa mzee wa kanisa lenye heshima katika mji wa biashara, na alihitaji mashahidi wanaoheshimika. Anneken Jans, aliyetoswa Rotterdam Januari 1539, amewekwa humo kama mama mpole: akielekea kifoni anamkabidhi mwanawe wa miezi 15, Esaias, kwa mwoka mikate aliyejitokeza katika umati, pamoja na mfuko wa fedha na barua ya wosia. Hayo yalitokea, na Esaias alikua akawa mtengeneza bia na baadaye meya wa Rotterdam. Jambo ambalo kitabu hakikulisema ni kwamba Anneken alikuwa karibu na nabii David Joris, mtu ambaye Wamennonite walimkataa, na kwamba wimbo unaohesabiwa kuwa wake ni wimbo wa tarumbeta, wa hukumu inayokuja na kisasi cha Mungu. Mama akabaki, mwimba tarumbeta akaondolewa. Ursula Jost na Barbara Rebstock, manabii wanawake wa Strasbourg, ambao maono ya mmoja wao yalichapishwa na mhubiri Melchior Hoffman mwaka 1530, nao hawakupata nafasi kwenye ukumbi huo wa heshima.

Sababu ya usafi huo ina jina: Münster. Mwaka 1534 Waanabaptisti waliuteka mji huo wa Westfalen, wakazingirwa na jeshi la askofu, na ndani yake Jan van Leiden akatangaza ufalme na ndoa za mitara. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa mbali, wengine wakiwa wameachwa na waume waliokimbia, na kila mwanamke alitakiwa awe chini ya mume. Hille Feicken alitoka nje ya ngome akikusudia kumuua askofu kama Yudithi wa Biblia, akakamatwa akauawa. Elisabeth Wandscherer, mmoja wa wake za mfalme, alitaka kuondoka, naye mfalme akamkata kichwa hadharani. Mji ulianguka Juni 1535. Kwa karne mbili zilizofuata, yeyote aliyetaka kuwachafua Waanabaptisti alitaja Münster na wake wengi wa mfalme. Wanawake walionekana ama wazinzi ama wendawazimu. Wamennonite waliobaki wakajibu kwa njia ambayo jamii yoyote iliyoaibishwa huijua: wakawaambia wanawake wao watulie.

Si mara moja, hata hivyo. Ungamo la Dordrecht la mwaka 1632, katika kifungu cha 9, linaagiza kuchaguliwa mashemasi wanawake, wajane wazee wenye sifa njema, wa kuwatembelea maskini, wagonjwa, wajane na yatima pamoja na mashemasi wanaume. Ilikuwa kazi ya kanisa yenye jina na kifungu chake. Mwaka 1725 Wamennonite wa Pennsylvania walilikubali ungamo hilohilo kuwa lao. Karatasi ilivuka bahari ikiwa na kifungu cha 9. Cheo chenyewe kikafifia, bila mtu kukifuta.

Uholanzi, wakati huohuo, Wamennonite walitajirika. Mwaka 1641 Rembrandt alimchora mhubiri na mfanyabiashara Cornelis Anslo pamoja na mkewe Aeltje Schouten; picha iko Berlin. Anslo ameegemea vitabu, mkono umenyooshwa, anaongea. Aeltje ameinamisha kichwa kidogo, ana leso mkononi, anasikiliza. Kwa muda mrefu watazamaji walidhani ni mjane anayefarijiwa na mchungaji wake, mpaka ilipothibitishwa kwamba ni mkewe. Kutoka Lijsbet hadi Aeltje ni miaka 92.

Kofia sasa. Ukimtazama Aeltje utaona amevaa kitambaa cheupe kichwani, na watu huruka hapo na kusema, si unaona, ni ileile tangu mwanzo. Hapana. Wakati ule kila mwanamke wa heshima aliyeolewa Ulaya kaskazini, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mmennonite, alifunika kichwa ndani ya nyumba. Hiyo ilikuwa desturi ya nchi. Ilikuja kuwa alama ya Wamennonite na Waamish, tawi lililojitenga nao, pale wengine walipoiacha, hasa Marekani katika karne ya 19, wanawake wa mjini walipoanza kuvaa kofia za mitindo zenye maua na manyoya. Hapo ndipo wachungaji walipopata jambo la kusimamia. Mwaka 1898 Daniel Kauffman alitoa kitabu cha mafundisho kilichopanga kufunika kichwa kwa mwanamke, kwa msingi wa 1 Wakorintho 11, kati ya maagizo saba ya kanisa, safu moja na ubatizo na Meza ya Bwana. Kitambaa kilichokuwa desturi kikawa amri.

Angalia pia nani alibebeshwa amri hiyo. Wanaume nao walikuwa na koti lao lisilo na kola ya kukunja, na tai ilipigwa marufuku. Katika makanisa mengi ya Kimennonite ya Marekani koti hilo lilianza kuachwa na kelele zikawa ndogo. Kofia ya mwanamke iliendelea kulindwa kwa miongo mingine. Jamii iliyotaka kuonekana tofauti na dunia iliweka tofauti hiyo juu ya kichwa cha dada zao, wao wakaenda benki na mnadani wamevaa kama majirani.

Kwa Waamish wa Lancaster, Pennsylvania, ambao mavazi yao ndiyo hupigwa picha zaidi, kofia hushonwa kwa kitambaa chembamba kigumu kinachopitisha mwanga. Ina vipande viwili vikuu: cha mbele, kinachokaa bapa juu ya kichwa hadi karibu na masikio, na cha nyuma, kinachokunjwa marinda madogo na kupigwa pasi hadi kichukue umbo la moyo, pamoja na utepe wa kufungia. Nywele hugawanywa katikati, huvutwa nyuma, pembeni husokotwa, kisha hufungwa fundo ambalo kofia hulishika. Marinda ndiyo kazi. Pasi ikiwa na moto mno kitambaa hugeuka manjano, ikipoa hayasimami, na siku ya unyevunyevu umbo lote hulegea. Upana wa kipande cha mbele na idadi ya marinda hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa hiyo mjuzi akiona kofia anajua mvaaji ametoka jimbo gani. Mtalii haoni hilo. Kwake zote ni moja.

Gauni halina vifungo mbele. Hufungwa kwa pini zilizonyooka, na juu ya kifua hupita kipande cha pili cha kitambaa kutoka mabegani hadi kiunoni, kinachoshikwa kwa pini kwenye aproni. Watu wa nje huona adhabu. Mshonaji ataona jambo jingine: nguo isiyo na vifungo hupanuliwa na kupunguzwa upendavyo, ujauzito wa miezi saba na mwili wa mwaka unaofuata hukaa ndani ya gauni lilelile. Pini ikielekezwa vibaya humchoma mvaaji au mtoto anayebebwa, ndiyo maana ncha hufichwa ndani ya kitambaa. Katika jamii kadhaa msichana ambaye hajaolewa huvaa kofia nyeusi kanisani na kuhamia nyeupe baadaye. Yote haya ni maarifa ya wanawake, yanarithishwa na wanawake, ingawa mwenye kauli ya mwisho kuhusu kanuni ni askofu, ambaye hajawahi kukunja rinda hata moja.

Mwaka 1911 ulikuwa na mambo mawili ambayo yangestahili kujulikana zaidi. Januari, katika kanisa la kwanza la Kimennonite la Philadelphia, Ann Jemima Allebach aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Novemba, huko Friesland, Anne Zernike akawa mchungaji wa Kimennonite na mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji nchini Uholanzi kwa dhehebu lolote. Mlango wa Uholanzi ukabaki wazi. Wa Marekani ukafungwa karibu miongo sita. Allebach alifariki 1918 na hakukuwa na wa kumfuata. Clara Eby Steiner alijenga chama cha wanawake cha kusaidia misheni, kikawa na fedha zake na ripoti zake, na mwishoni mwa miaka ya 1920 bodi ya wanaume ikakichukua.

Fedha za wanawake hazikukataliwa kamwe, hilo tuliseme. Kati ya 1923 na 1930 Wamennonite wapatao 20,000 walihama kutoka Urusi ya Kisovieti kwenda Kanada, wengi kwa nauli ya mkopo wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Shambani hakukuwa na fedha taslimu. Mabinti wakapelekwa Winnipeg, Saskatoon na Vancouver kuwa wafanyakazi wa ndani kwenye nyumba za Waingereza, wakituma mshahara kwa baba. Kanisa lilifungua mabweni ya wasichana mijini. Alhamisi mchana, siku yao ya mapumziko, walikusanyika humo kwa chai, nyimbo na mahubiri, na msimamizi aliwatafutia kazi na kuwaondoa kwenye nyumba zenye mabwana wasumbufu. Deni lilimalizika mwaka 1946. Vitabu vya jamii hiyo vilimsifu sana askofu aliyesimamia mkopo; waliosugua sakafu kuulipa walisubiri hadi watafiti wanawake walipoanza kuwahoji wakiwa bibi.

Waliobaki Ukraine walipata makubwa zaidi. Mwaka 1937 na 1938 wanaume wengi walichukuliwa usiku na polisi wa siri. Vita vikachukua wengine. Mwaka 1943 jeshi la Ujerumani liliporudi nyuma, safari ndefu ya mikokoteni kuelekea magharibi iliongozwa kwa sehemu kubwa na wanawake, wazee na watoto. Baadhi ya waliofika salama walivuka hadi Paraguay, na mwaka 1947 wakaanzisha makoloni ya Volendam na Neuland katika ardhi ambayo haikuwa hata na nyumba. Friedensheim, kijiji kimoja cha Neuland, kiliitwa kijiji cha wanawake kwa sababu karibu kila kaya ilikuwa bila mume. Walifyatua matofali, wakaezeka, wakachimba visima, wakalima. Miaka yote ya Stalin, makanisa yakiwa yamefungwa, hao ndio waliofundisha watoto sala gizani. Lakini walipofika mikononi mwa wazee wa kanisa wa Kanada na Paraguay, swali lililoulizwa zaidi lilikuwa kama maadili yao yamelegea, na kama mwanamke ambaye hajui mumewe yu hai au amekufa anaruhusiwa kuolewa tena. Hatari ilikuwa imewapa nafasi. Amani ikaja na kanuni zake.

Mahali pengine wanawake hawakupewa hata lugha. Katika koloni la Manitoba nchini Bolivia, kati ya 2005 na 2009, wanawake na wasichana zaidi ya 100 walipuliziwa dawa ya usingizi ya mifugo majumbani mwao usiku na kubakwa. Walipoamka na maumivu na michubuko, waliambiwa ni mapepo, au wanaota, au wanaficha uzinzi. Mwaka 2011 mahakama ya Santa Cruz iliwafunga wanaume saba miaka 25 kila mmoja, na wa nane, aliyetoa dawa, miaka 12. Kesi iliendeshwa kwa Kihispania. Wanawake wa koloni huongea Plautdietsch, Kijerumani cha chini kisicho na kazi ofisini, na shule yao huishia utotoni. Na tusidhani ni habari za makoloni ya mbali tu: John Howard Yoder, mwanateolojia wa amani mwenye jina kubwa kuliko wote kati ya Wamennonite wa karne ya 20, alilalamikiwa na wanawake tangu miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulieleza kuwa aliowadhulumu kingono huenda walizidi 100, na Machi mwaka huo seminari ya Elkhart, Indiana, alikokuwa amefundisha, ikaomba radhi hadharani. Yeye alikwisha kufariki 1997. Wanawake wa Elkhart walijua kusoma, kuandika na lugha ya mahakama. Hata wao walisubiri miaka 40.

Wamennonite na ndugu zao wa Kianabaptisti sasa ni zaidi ya milioni 2 duniani, na bara lenye wengi kuliko yote ni Afrika. Shirati, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Kenya, ilianza mwaka 1934 kwa familia za Stauffer na Mosemann kutoka Lancaster. Bukiroba, Mugango na Bumangi zikafuata kabla muongo haujaisha. Wake za wamisionari walishuka na kofia zao na yale magauni yenye kitambaa cha pili kifuani, katika joto la Mara. Mwaka 1942 uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukafika Shirati. Kwenye vikao vya ushirika hakukuwa na mimbari. Aliyeguswa alisimama akaungama, awe mama wa Kijaluo au mmisionari wa Pennsylvania, na waliobaki wakajibu kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Kwa miaka ile, kanuni za Lancaster hazikuweza kuamua nani asimame. Kanisa la Mennonite Tanzania lilipojitegemea mwaka 1960 na kupata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, mwaka 1967, vyeo vilirudi kwenye mstari wake wa zamani.

Ethiopia ilipitia njia hiyohiyo kwa ukali zaidi. Serikali ya kijeshi ya Derg ililifunga Kanisa la Meserete Kristos mwaka 1982, ikafunga majengo na kuwatia viongozi gerezani. Waumini wapatao 5,000 wakagawanyika katika vikundi vidogo majumbani. Nyumba ni za kina mama: wao ndio waliopanga nani aje saa ngapi, wakachemsha kahawa ili majirani wadhani ni wageni wa kawaida, wakaongoza sala. Mwaka 1991 kanisa lilitoka mafichoni likiwa na zaidi ya watu 30,000.

Kongo walichukua karne nzima. Misheni ya Kimennonite ilifungua vituo vyake vya kwanza Kasai mwaka 1912. Mwaka 2012, kanisa la huko likisherehekea miaka 100, mkutano wake mkuu ulikubali kuwawekea mikono wanawake, na mwaka uliofuata wakawekewa wa kwanza. Baadhi yao walikuwa wamemaliza masomo ya teolojia miaka mingi kabla, wakihubiri bila cheo.